Msalaba kwenye jezi, nyota kwenye zulia: hukumu inaangalia nini?

Swali la Muislamu kutumia kitu chenye alama ya dini nyingine hunijia kwa sura nyingi. Mmoja kafungua blanketi jipya, kaona mistari yake inakatana, anauliza alitupe au alikate. Mwingine kapewa zawadi na jirani Mkristo, kikombe chenye picha ya kanisa na msalaba juu yake. Vijana wao huuliza jezi. Nafundisha fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, na naona wengi wanahangaika na umbo, ilhali hukumu inafuata kazi ambayo umbo hilo linafanya pale lilipo.

Dalili ya msingi ni hadithi ya Bibi Aisha (r.a.) katika Sahihi Bukhari: Mtume (s.a.w.) hakuwa akiacha nyumbani mwake kitu chenye misalaba ila alikivunja. Hadithi hii haina la kuzungusha. Nyumba ya Muislamu si mahali pa kutundika nembo ya ibada ya dini nyingine. Ipo pia riwaya ya Adi bin Hatim, aliyemwendea Mtume akiwa na msalaba wa dhahabu shingoni, akaambiwa aitupe sanamu hiyo. Tirmidhi aliyeipokea ameiita gharibu, yaani imepokewa kwa njia moja tu, kwa hiyo mimi huitaja kama nyongeza tu, siijengei hukumu peke yake. Kuvaa msalaba au alama ya Om ya Wahindu kwa kuitukuza ni jambo linalogusa itikadi yenyewe. Kuvaa kama pambo tu, kwa kuwa mkufu umependeza, nako hakufai: ni kujifananisha na watu katika jambo la dini yao. Hapa sioni nafasi ya kulegeza.

Sasa tazama sarafu. Waislamu wa mwanzo walifanya biashara kwa dinari za Warumi, zenye msalaba uliosimama juu ya ngazi, na kwa dirhamu za Kiajemi, zenye madhabahu ya moto na walinzi wawili pembeni. Fedha hizo ndizo walizonunulia na kuuzia. Waislamu walipoanza kupiga dinari zao kwa kufuata mfano wa Kirumi, ule mti wa kukingama uliondolewa, ikabaki nguzo tupu juu ya ngazi. Kisha mwaka 77 Hijria, sawa na 696 au 697 Miladia, Khalifa Abdul-Malik bin Marwan akatoa dinari ya maandishi matupu. Mimi naliona hili kuwa somo kubwa. Hakuna aliyeishika sarafu ile kwa kuitukuza. Ilishikwa kwa haja, na uwezo ulipopatikana wakatengeneza ya kwao. Basi anayebeba noti au pasipoti yenye nembo ya msalaba asijitese.

Blanketi lile nalo halina tatizo. Mistari kukatana, alama ya kujumlisha, fremu ya dirisha, vigae vya sakafuni: hivyo ni maumbo tu, na asili ya vitu ni uhalali. Kipimo ninachowapa wanafunzi ni hiki: mpita njia akikitazama bila kuambiwa neno, atasema ni msalaba wa Wakristo? Kama hatasema, tusiende kuutafuta kwa tochi. Nyota ya pembe sita, inayojulikana leo kama nembo ya Wayahudi, ambayo wengi hushtuka wakiiona kwenye zulia, imepamba misikiti na sarafu za Waislamu kwa karne nyingi, ikiitwa Muhuri wa Suleiman. Zulia lako liache. Ila ikiwa imewekwa waziwazi kama nembo ya dini, hukumu inabadilika, kwa sababu kazi yake imebadilika.

Jezi ndiyo ngumu kidogo. Nembo ya Barcelona ina msalaba wa Mtakatifu George kwenye kona ya juu, na taji la Real Madrid lina msalaba mdogo kileleni. Katika madhehebu ya Hanbali, mwanazuoni Mardawi ametaja kwamba msalaba kwenye nguo ni makruhu, yaani jambo lisilopendeza, na akataja uwezekano wa kuwa haramu. Rai yangu: usiinunue, timu unaweza kuishangilia bila kuvaa nembo yake. Ukiwa nayo tayari, ondoa alama au ifunike, na usiswali nayo. Aliyekwisha kuswali nayo harudii. Swala yake imesihi kwa kauli ya wanazuoni wengi.

Kikombe cha jirani usikivunje mbele yake. Pokea, shukuru, kisha ukifika kwako futa picha au kitoe machoni. Qur'ani (6:108) imetukataza kuwatukana wale wanaoombwa badala ya Mwenyezi Mungu, na kumdhalilisha mtu kwa alama anayoiheshimu kunaelekea huko huko.

Aliyesilimu naye akabaki kwa mama yake Mkristo huniuliza kuhusu misalaba ya sebuleni. Hadithi ya Bibi Aisha inaizungumzia nyumba ya Mtume mwenyewe, na hapa mwenye nyumba ni mama. Asma bint Abi Bakr alimuuliza Mtume kuhusu mama yake aliyekuwa mshirikina, akaamriwa amuunge. Kwa hiyo kijana asafishe chumba chake, ukuta wa mama auache, na aswali chumbani. Akilazimika kuswali sebuleni, ageuze kiti kiwe sutra yake, yaani kizuizi mbele ya anayeswali, na kama kibla kinaelekea msalabani, amuombe mama kwa upole kitambaa cha kuufunika kwa dakika chache. Mama akikataa, aswali vivyo hivyo, wala asigombane naye.