Kwa nini chuo kikuu kinaweza kuuletea mji mzima intaneti ya kasi?

Ukiona mafundi wamepasua barabara kupitisha faiba, jua kwamba pesa nyingi imo kwenye mtaro, si kwenye waya. Ghali ni kuchimba, kulipia vibali na kurudishia lami. Ndiyo maana kampuni ya simu huuliza kwanza: wateja wa uhakika wako wapi? Miji mingi hubabaika hapo. Mji wenye chuo kikuu una jibu.

Chuo ni mteja asiyehama. Kina maabara zinazotumiana data nzito, maelfu ya wanafunzi, pengine na hospitali ya rufaa. Mara nyingi kina pia mabomba yake ya nyaya chini ya ardhi, na wataalamu wa mitandao. Hawa wataalamu, kwa maoni yangu, ndio hazina kubwa kuliko zote, kwa sababu halmashauri ikiketi na kampuni bila mtu anayejua vifaa na bei zake, itasaini chochote.

Mwaka 2011 vyuo vikuu kadhaa vya Marekani viliungana katika Gig.U, mradi wa kuvutia intaneti ya kasi kwenye miji yenye vyuo, ukiongozwa na Blair Levin, aliyesimamia mpango wa taifa wa intaneti ya kasi wa 2010. Tunda lake linalojulikana liko jimbo la North Carolina. Vyuo vinne, kikiwemo Duke, vilishikana na miji sita, Raleigh na Durham ikiwemo, vikatangaza zabuni moja mwaka 2013. Miji haikuahidi fedha. Iliahidi vibali visivyosumbua na soko kubwa lililokusanywa pamoja. AT&T, kampuni ya simu, ikasaini 2014, na Januari 2015 Google nayo ikatangaza kupeleka faiba eneo la Raleigh na Durham. Kampuni zikaanza kugombea wateja ambao awali zilisitasita kuwafuata.

Jimbo la Illinois walikwenda njia nyingine. Chuo Kikuu cha Illinois kiliungana na miji ya Urbana na Champaign kujenga mtandao wao wenyewe, UC2B. Serikali kuu ilitoa dola milioni 22.5, na faiba ya majumbani ikaanzia mitaa iliyokuwa imesahaulika, pamoja na shule na maktaba.

Kwetu Afrika Mashariki nusu ya kazi imeshafanyika. KENET ya Kenya, TERNET ya Tanzania na RENU ya Uganda zimeunganisha vyuo ili vipate intaneti kwa pamoja badala ya kila kimoja kuhangaika peke yake. Ila mitandao hii ni ya elimu na utafiti. RENU imesogea hatua moja mbele: imeweka vituo vya Wi-Fi nje ya kampasi, mwanafunzi akaingia kwa akaunti ileile ya chuoni. Mwenye duka jirani, asiye na akaunti hiyo, bado ananunua bando.