Soko la nje linaanzia Namanga

Siku ya gulio pale Tengeru, ukisimama karibu na matenga ya nyanya, hukosi kumsikia mtu akisema kuuza nje ni kazi ya wenye nazo: uwe na kontena, wakala Dar, na akaunti ya dola. Wanasahau kwamba Namanga, mpakani na Kenya, iko kama kilomita 110 tu kutoka Arusha, na mzigo ukivuka pale umeshauzwa nje. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake makuu tunayapita kila siku mjini, ina utaratibu uliorahisishwa kwa wafanyabiashara wadogo. Mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, uliozalishwa ndani ya Jumuiya na uliomo kwenye orodha iliyokubaliwa, hupewa cheti rahisi cha uasili (kinachoonyesha mzigo umezalishwa wapi) palepale mpakani, na ushuru wa forodha haulipwi.

Basi mtu akisikia hivyo anaruka upande wa pili: hakuna ushuru, kwa hiyo hakuna karatasi. Hapo ndipo wengi wameumia. Cheti cha uasili hakifuti cheti cha afya ya mimea, wala vipimo vya ubora. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka. Siku chache baadaye ikafungua, ila kwa sharti la cheti kinachoonyesha sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Wengi walisema ni siasa, na sitabishana nao sana. Lakini sumukuvu ni kweli ipo, nayo huanzia kwetu: mahindi yameanikwa juu ya udongo, yamejazwa kwenye magunia kabla hayajakauka. Bei ya turubai haifikii hata robo ya hasara ya lori lililogeuzwa mpakani.

Parachichi nalo lina hadithi zake. China ilipolifungulia mlango Novemba 2022, kila mwenye mti nyuma ya nyumba alianza kuhesabu dola. Soko lile linataka shamba lililosajiliwa na sehemu ya kufungashia iliyosajiliwa. Wanunuzi wa mbali hupenda aina ya Hass, lenye ganda gumu linalovumilia meli. Tena likichumwa changa halitaiva vizuri, litasinyaa. Lile letu kubwa la kienyeji liliwe Moshi (kwa ulimi wangu ndilo tamu zaidi).

Kahawa ikishuka bei, lawama zote huenda kwenye mnada wa Moshi. Lakini mnada hufuata soko la dunia: kahawa aina ya arabika hutazama bei ya soko la New York, na aina ya robusta ya Kagera hutazama ya London. Julai 2021 baridi iliunguza mibuni ya Brazil, bei ya arabika ikapanda duniani kote, na mkulima wa Kibosho, kule Kilimanjaro, hakuwa ameongeza hata debe moja. Anachoweza kukishika yeye ni nyongeza ya ubora juu ya bei hiyo: kuchuma buni zilizoiva nyekundu tu, na kuzimenya siku hiyohiyo.