DPI 9600 Haipo Kwenye Skana Yako

Swali ni lilelile kila mara: "Mbona nimeskani picha kwa DPI 9600 na bado ina ukungu, tena kompyuta imeganda?" Kwa sababu kwenye skana nyingi hiyo 9600 haipo. DPI ni idadi ya nukta ambazo skana inasoma katika kila inchi.

Soma maelezo ya mashine yako. Ukikuta 1200 x 2400, namba ya kwanza ni uwezo wa kihisi kusoma kwa upana, ya pili ni hatua za mota inayokisogeza. Shika ile ndogo. Juu ya hapo programu inabuni: inatazama pikseli (nukta za picha) mbili jirani na kuchomeka nyingine katikati. Haikuongezei hata unywele mmoja. Inachokuongezea ni mzigo. Picha ya sm 10 kwa 15 kwa DPI 600 ni kama MB 25 kabla ya kubanwa. Kwa 9600 inapita GB 6, na faili la kawaida la TIFF, aina ya faili la picha linalotunza undani wote, halivuki GB 4.

Kuna na karatasi yenyewe. Picha nyingi za studio hazina undani unaozidi DPI 300. Mimi naweka 600 ili nipate nafasi ya kusafisha mikwaruzo, ingawa wapo mafundi wazuri wanaoishia 300 na siwezi kusema wanakosea. Ukibisha, pima: skani uso kwa 600, kisha kwa 1200, vuta mpaka jicho lijae skrini. Kama umepata nyuzi za karatasi na vumbi, lakini kope ni zilezile, rudi 600.

Picha ya pasipoti ya mm 35 kwa 45 unayotaka kuikuza, hiyo ipe 1200: utapata pikseli 1,650 kwa 2,125 hivi, zinazotosha kuchapa sm 14 kwa 18. Negativu za mm 35 zianzie 2400, na lazima skana iwe na taa kwenye kifuniko.

Zima marekebisho ya otomatiki. Shela jeupe likikaa kando ya uso mweusi, otomatiki hulinda shela na kuzamisha uso gizani. Zima pia kipengele cha kunoa picha, utanoa baadaye. Hifadhi TIFF, kisha toa nakala ya JPEG ya kutuma.

Vyeti: DPI 300, rangi. Usichague "nyeusi na nyeupe", maana haina kijivu. Muhuri hafifu na sahihi ya wino wa bluu hupotea. Tovuti ikidai faili dogo, shuka hadi 200, lakini rangi usiiondoe.

Picha iliyojikunja ilaze chini ya vitabu siku kadhaa kwanza. Mashine nyingi za kuchapa na kuskani pamoja huona vizuri kilichogusa kioo tu. Pembe ikiinuka milimita chache, inatoka na ukungu. Kioo kifute kwa kitambaa cha maikrofaiba. Dawa nyunyizia kitambaa, usinyunyizie kioo, kwani ikipenya ukingoni huacha utando upande wa ndani usiofikika bila kufungua mashine.