Kumshukuru mwenzako wodini ni sehemu ya usalama wa mgonjwa

Katika idara nyingi za hospitali, mtumishi husifiwa hadharani mara mbili tu: anapoagwa kwa kustaafu na anapofariki. Siku hizo ndipo inapojulikana kwamba kila mtu alikuwa na la kusema juu yake. Huyu ndiye aliyekuwa akiupata mshipa wa mtoto aliyeishiwa maji baada ya wengine kushindwa. Yule hakuondoka zamu hata siku moja kabla anayempokea hajamwelewa kila mgonjwa. Ni maneno mazuri na ya kweli, ila mwenyewe amefanya kazi miaka yote hiyo bila kuyasikia.

Kazi yangu ni uuguzi na usimamizi wa ubora wa huduma. Wakuu wa idara huniuliza mara kwa mara kama vyeti, sherehe na shukrani kwa watumishi si kupoteza muda wakati wodi imefurika. Nawajibu kwamba si kupoteza muda, na naanza na mgonjwa mwenyewe.

Mgonjwa aliyelazwa hatibiwi na mtu mmoja. Daktari anaandika dawa, mfamasia anaikagua, muuguzi anaiandaa na kumpa. Maabara inapima damu, mhudumu anamsukuma kwenda eksirei, karani anatafuta faili lake. Yeyote kati ya hao anaweza kuliona kosa kabla halijamfikia mgonjwa, lakini kuliona na kulisema ni vitu viwili. Muuguzi mgeni anayehisi kwamba dozi ya mtoto imezidi anapaswa kumwambia daktari bingwa, pengine mbele ya watu. Kama aliyeuliza mara ya mwisho katika idara hiyo alifokewa, huyu atazunguka kutafuta mtu wa kumsemea, au atanyamaza.

Mtafiti Amy Edmondson wa Chuo Kikuu cha Harvard aliliona jambo hili kwa njia ambayo hakuitegemea. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 1996, alilinganisha timu za wodini kuhusu makosa ya utoaji dawa. Alitarajia kwamba timu zenye maelewano mazuri zingekuwa na makosa machache. Takwimu zikaja kinyume: timu hizo ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi. Alipochunguza, maelezo yaliyomwingia akilini ni kwamba watu wa timu hizo hawakuwa wakikosea kuliko wengine. Walikuwa hawaogopi kusema. Nawaomba wasimamizi wa wodi waukumbuke utafiti huu kila wanapofurahia daftari la kuripotia makosa lisilo na kitu ndani.

Dharau nayo imepimwa. Mwaka 2015 jarida la Pediatrics lilichapisha jaribio lililohusisha timu 24 za wodi za watoto wachanga mahututi nchini Israel. Timu hizo zilipewa zoezi la kuigiza: mtoto njiti ambaye hali yake inabadilika ghafla. Baadhi ya timu, kabla na wakati wa zoezi, zilisikia maneno ya kejeli kutoka kwa mtaalamu mgeni. Nyingine zilisikia maneno ya kawaida. Zile zilizodharauliwa zilifanya vibaya zaidi katika kutambua ugonjwa na hata katika kazi za mikono. Watu wake walipeana taarifa kidogo na waliombana msaada kwa nadra. Maneno machache tu ya mtu wasiyemjua yalitosha kuwafikisha hapo. Fikiria idara ambayo maneno ya namna hiyo ni ya kila asubuhi.

Ndiyo maana orodha ya usalama wa upasuaji, iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008, ina kipengele ambacho wengi hukiruka kwa kukiona kidogo: kabla ya kuchana ngozi, kila aliyemo chumbani ajitaje jina na kazi yake. Orodha hiyo ilipojaribiwa katika hospitali 8 za nchi mbalimbali, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Matokeo hayo ni ya orodha nzima, si ya kutajana majina peke yake. Hata hivyo, mtu ambaye jina lake limetajwa na sauti yake imesikika ni rahisi zaidi kwake kusema, “Daktari, subiri kidogo.”

Sasa, tushukuruje?

“Asanteni wote kwa kazi nzuri” haimfikii mtu. Shukrani inayofanya kazi hutaja jambo lililofanyika, wakati wake, na kilichotokea kwa sababu yake. Kwa mfano: “Sista, jana usiku ulirudia kupima presha ya mama wa kitanda namba 4 ingawa ripoti ilisema yuko sawa. Ndiyo sababu tuliwahi kumpeleka theta.” Sentensi hizo hazimalizi hata dakika moja, na mahali pake pazuri ni wakati wa kukabidhiana zamu, palipo na wanaotoka na wanaoingia. Aliyeshukuriwa anajua nini aendelee kufanya. Wanafunzi na wageni waliosimama pembeni wamejifunza kitu ambacho hakikuwemo kwenye somo la siku hiyo.

Tuzo ya mfanyakazi bora wa mwezi siipendi sana, na naomba wanaoipenda wanivumilie. Katika idara ya watu 40 inamtaja 1 na kuwaacha 39, na mara nyingi anayetajwa ni yule anayeonekana na mkuu wa idara mchana. Wa zamu ya usiku hawaonekani. Hata sherehe hupangwa saa nane mchana, wao wakiwa wamelala nyumbani. Kama idara inataka kutoa tuzo, itoe kwa tukio na kwa timu iliyolishughulikia, na mapendekezo yatoke kwa watu wa kada nyingine: maabara iwapendekeze wauguzi, wauguzi wawapendekeze wahudumu. Sherehe ifanyike mara mbili ili zamu zote zifikiwe.

Siku za maadhimisho zinasaidia. Wakunga wana tarehe 5 Mei, na wauguzi tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa Florence Nightingale mwaka 1820. Wafamasia wana tarehe 25 Septemba. Wataalamu wa radiolojia wana tarehe 8 Novemba, siku ambayo Wilhelm Röntgen aligundua miale ya eksirei mwaka 1895. Tarehe 17 Septemba, siku ya usalama wa mgonjwa duniani, inafaa kuwa ya idara nzima kwa pamoja.

Lakini mfanya usafi wa wodi mara nyingi hayumo kwenye kalenda ya idara, na hili linaniuma. Kuna bakteria wa kuharisha aitwaye Clostridioides difficile ambaye hujifunika ganda gumu, akakaa juu ya kitanda na vishikizo vya milango kwa muda mrefu. Dawa ya mikono yenye alkoholi haimuui. Anahitaji mikono inayonawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, na mtu anayefuta kila sehemu kwa dawa sahihi, kwa kipimo sahihi. Mtu huyo amezuia maambukizi ambayo hakuna daktari atakayeyaona kwa sababu hayakutokea. Walio katika kitengo cha kutakasa vifaa vya upasuaji, mafundi wa vifaa tiba, wafuaji wa mashuka na wahudumu wa mochwari wako vivyo hivyo. Watajwe kwa majina, si kama “na wengine wote”.

Shukrani ina mpaka wake, nao usemwe wazi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu wa kazini kuwa ni tokeo la msongo sugu wa kazi ambao haukushughulikiwa, wenye dalili tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi au kuichukia, na kupungua kwa ufanisi. Cheti hakimpumzishi muuguzi anayehudumia wagonjwa wa watu watatu, wala hakilipi posho iliyocheleweshwa. Mkuu wa idara anayegawa vyeti huku ratiba ya zamu haina mapumziko atawaudhi watu wake, na watakuwa na haki.

Tahadhari nyingine ni kuhusu picha. Kabla ya kusambaza picha ya sherehe ya wodini, tazama nyuma ya watu: ubao wenye majina ya wagonjwa, faili lililofunguliwa, mgonjwa kitandani. Usiri wa mgonjwa haulegezwi kwa sababu tunafurahi. Ni salama zaidi kupiga picha nje ya wodi.

Wananchi nao wana nafasi katika jambo hili. Ukihudumiwa vizuri, usitoe fedha mkononi. Inaweza kumweka mtumishi matatani, na inaweza kumfanya mgonjwa wa kitanda cha jirani adhani huduma inanunuliwa. Andika barua fupi. Taja wodi, tarehe, zamu ya mchana au ya usiku, jina la mtumishi kama unalijua, na jambo alilolifanya. Kama hulijui jina, eleza kazi aliyokuwa akiifanya. Msimamizi atamtambua kwa kuangalia ratiba. Mpe msimamizi wa wodi au uiweke kwenye sanduku la maoni, na uombe nakala iwekwe kwenye faili la mtumishi huyo, kwa kuwa hilo ndilo linalofunguliwa anapojadiliwa kupandishwa cheo.