Mwisho wa tawi wanajuaje la kufanya? Protini zinazotengenezwa kwenye sinapsi

Hivi majuzi tulipokea wanafunzi wa kidato cha tatu kutoka Eastlands katika maabara yetu hapa Nairobi. Niliweka kipande chembamba cha ubongo wa panya chini ya darubini, wakatazama kwa zamu. Rangi tunayotumia ina chumvi ya fedha, na hushika seli chache tu, lakini zile inazoshika huwa nyeusi tititi: mwili mdogo wenye kiini, matawi yanayosambaa, na kwenye kila tawi vichomozi vidogo vilivyosongamana kama miiba ya mgunga. Msichana mmoja alikawia kwenye darubini kuliko wenzake. Alipoinua kichwa aliniuliza, "Daktari, kama maagizo yote yako kwenye kiini, huko mwisho wa tawi wanajuaje la kufanya?"

Swali hilo ndilo lililowasumbua wanasayansi kwa miaka mingi.

Kila mwiba ni upande wa kupokea wa sinapsi, yaani pale seli moja ya neva inapopokea ujumbe wa nyingine. Ubongo wa binadamu una seli za neva zipatazo bilioni 86, na seli moja inaweza kuwa na sinapsi maelfu. Mtoto akijifunza kufunga kamba za viatu, hazibadiliki zote. Zinazoimarika ni zile zilizoshiriki, na ili ziimarike kwa muda mrefu zinahitaji protini mpya. Zamani ilidhaniwa kwamba protini hizo zote hutengenezwa karibu na kiini kisha husafirishwa. Sasa mzigo ungejuaje mlango upi, kati ya milango elfu kumi, ndio ulioagiza?

Mwaka 1982 Oswald Steward na William Levy walitazama ubongo wa panya kwa darubini ya elektroni wakakuta makundi ya ribosomu kwenye mashina ya miiba ile. Ribosomu ndizo zinazotengeneza protini. Karakana ilikuwa mlangoni pa mteja.

Fikiria nyumba inayojengwa Kayole. Grili ya dirisha si lazima itoke kiwandani Industrial Area. Fundi wa kuchomelea huja na mashine yake, akapima fremu ilivyo, akakata chuma pale pale. Anachohitaji kutoka ofisini ni mchoro. Katika seli, mchoro huo ni RNA mjumbe, nakala ya jeni inayotoka kwenye kiini. Hufungwa pamoja na protini maalumu, kisha hubebwa kwenye nyuzi zinazopita ndani ya tawi kama reli. Na safari nzima RNA hiyo huwa imenyamazishwa. Protini zilizoifunga huizuia isisomwe. Kwangu mimi, ukimya huo ndio ufundi mkubwa kuliko yote.

Ujumbe ukifika kwa nguvu kwenye sinapsi, milango ya kalsiamu hufunguka, vimeng'enya huamka, kizuizi hulegezwa na ribosomu huanza kusoma. Kuimarika kwa mwanzo hakungoji hayo, kwani vipokezi vya ujumbe vilivyokuwepo husogezwa tu mbele, lakini nguvu hiyo hufifia baada ya saa chache. Ya kudumu hutaka protini mpya. Mwaka 1996 Hyejin Kang na Erin Schuman walitenganisha matawi na miili ya seli katika vipande vya ubongo wa panya, wakatia kichocheo kiitwacho BDNF. Sinapsi ziliimarika bila kiini. Walipozuia utengenezaji wa protini, haziku­imarika hivyo.

Naandika haya hasa kwa ajili ya wazazi. Nimeketi na akina mama walioambiwa kwamba mtoto amerogwa, au kwamba walikosea kumlea, kumbe tatizo lilikuwa kwenye kizuizi hiki. Mojawapo ya protini zinazonyamazisha michoro ni FMRP. Jeni yake, FMR1, iko kwenye kromosomu X, na ilitambuliwa mwaka 1991. Herufi za DNA, CGG, zikijirudia humo zaidi ya mara 200, jeni huzimika na FMRP haitengenezwi. Hapo karakana hufanya kazi hata bila oda. Protini huzidi, na miiba hubaki mirefu, myembamba, kama isiyokomaa. Hiyo ndiyo sindromu ya Fragile X, sababu kuu ya kurithi ya ulemavu wa akili. Wavulana huathirika zaidi, maana wana X moja tu.

Hali hii hutambuliwa kwa kipimo cha DNA kutoka kwenye damu. Mtoto akichelewa kusema, akiepuka kutazamana na watu, au akishindwa kutulia, mpeleke kwa daktari wa watoto, na usisahau kumweleza habari za ukoo: kama kuna mjomba au binamu wa upande wa mama aliyepata shida ya kujifunza, mtaje. Mvulana hupata X yake kwa mama, kwa hiyo habari za wajomba zinaweza kumwonyesha daktari aanzie wapi.