Nguvu za mnyama sio sawa na uwezo wa kupigana

Ule ubishi wa vijiweni wa simba na nyati nani zaidi, au eti mtu wa gym anaweza kumpiga sokwe mtu, hauishi kwa sababu kila mtu akisema "nguvu" ana lake kichwani. Nguvu ni misuli inaweza kuvuta au kusukuma kiasi gani, basi. Uwezo wa kupigana ni habari nyingine, humo kuna uzito, meno, pembe, ngozi, kasi, na pia kama huyo mnyama yuko tayari kuumia.

Chukua sokwe mtu wa Gombe. Dume lina kama kilo 40 tu, wanaume wengi tunamzidi uzito. Zamani ilisemwa ana nguvu mara tano ya mtu na mpaka leo utaisikia hiyo, ila utafiti wa 2017 uliopima misuli yenyewe ulikuta ukilinganisha misuli ya ukubwa sawa nguvu yake ni kama mara 1.35 ya yetu hivi, haifiki hata mara mbili. Misuli yake mingi ni ile ya kukaza fasta na kuchoka fasta, ya kwetu mingi ni ya polepole lakini inadumu, ndio maana mtu anaweza kutembea kutwa nzima. Sasa mbona bado atakuharibu? Meno bwana! Yeye harushi ngumi, anang'ata vidole, uso, mpaka sehemu za siri, na wewe uko pale umekunja ngumi kama bondia.

Kwa nyati ndo hakuna hata mjadala. Wanaume wenye nguvu kuliko wote duniani wameshanyanyua chuma cha zaidi ya kilo 500, sawa, heshima yao, lakini nyati dume kwa uzito wake tu anapita hapo, na chuma hakikukimbilii na pembe.

Kuna Mmarekani mmoja, Carl Akeley, mwaka 1896 huko Somalia aliua chui kwa mikono, watu wanapenda sana kumtolea mfano. Wanachoruka ni kwamba chui mwenyewe alikuwa mdogo, kama kilo 36, na alishapigwa risasi mguuni kabla, na bado jamaa mkono wake ulitafunwa vibaya.

Upande wa pili kuna Wahadzabe wa kule Ziwa Eyasi, wao wanajulikana kufukuza simba kwenye mzoga na kuchukua nyama. Hapo hakuna aliyemzidi simba misuli. Wako kundi, wana pinde na mishale, wanamwendea bila kusita, na simba anapiga hesabu zake: akivunjika taya au mguu hawindi tena, na asipowinda anakufa njaa, kwa hiyo bora aiache hiyo nyama akatafute nyingine.