Kisanduku cha Kufurikia Kinavuja? Weka Chini Hiyo Silikoni Kwanza

Mteja akipiga simu kusema tangi lake la samaki linavuja kwenye kisanduku cha kufurikia, yaani kile kinachopokea maji ya juu ya tangi na kuyashusha kwa bomba, karibu kila mara anamalizia hivi: "Nimeshapaka silikoni hapo lakini maji bado yanatoka. Kuna ile kali zaidi?" Hakuna. Zunguka Kirinyaga Road, Nairobi, duka kwa duka na hutapata silikoni itakayoshika juu ya silikoni nzee iliyolowa. Kosa halikuwa la tyubu aliyonunua, na tyubu ya pili haitalirekebisha.

"Paka tu hapo panapovuja, itashika"

Hii ndiyo dhana inayochosha kuliko zote, kwa sababu inageuza kazi ya siku moja kuwa kazi ya wiki mbili. Silikoni ni gundi kabla ya kuwa kizibo. Inashika kioo kitupu, kikavu, kisicho na mafuta. Silikoni iliyokwisha kukauka haina uso wa namna hiyo: kile kinachofanya keki isigande kwenye chombo cha kuokea cha silikoni ndicho kinachofanya silikoni mpya isiishike ya zamani. Utaiona imetulia, inang'aa, siku tatu nzima. Ya nne unaingiza ukucha pembeni na kuibandua yote kwa mvuto mmoja, kama plasta iliyoingia maji.

Halafu kuna suala la upande. Kwenye kina cha sentimita 50, kila sentimita moja ya mraba ya kiungo inasukumwa kwa uzito wa gramu 50 hivi. Ni kidogo, lakini hakupumziki usiku wala mchana. Ukipaka kwa nje, maji yanapenya kwenye ufa, yanafika nyuma ya kiraka na kukisukuma kiondoke. Ukipaka upande wa maji, msukumo uleule unakigandamiza kiraka kwenye kiungo. Kwa kisanduku kilichojengwa ndani ya tangi, upande wa maji ni ule ambao maji yako juu zaidi, yaani upande wa samaki. Wengi hupaka ndani ya kisanduku kwa sababu mapambo hayapo na mkono unaingia bila shida. Hapo ni sawa na kupaka nje.

Basi kazi inafanywa hivi. Hamisha samaki kwenye pipa au ndoo kubwa pamoja na maji yao wenyewe na jiwe la hewa. Sponji na vyombo vya kuchujia vibaki ndani ya maji yenye hewa. Vikikauka, bakteria wanaosafisha tangi wanakufa, na tatizo la kuvuja linageuka tatizo la amonia, sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki. Toa maji hadi kiungo chote kiwe wazi. Nimesema chote. Kiungo cha wima kinachovuja sentimita tano kinatolewa silikoni kuanzia juu hadi chini, kwa sababu mwisho wa kiraka chako ungekutana tena na silikoni nzee, na hapo ndipo patakapovuja safari ijayo.

Kata kwa wembe mpya uliolazwa karibu sambamba na kioo, na ubadilishe mara tu unapoanza kukwama. Usiguse silikoni iliyo katikati ya vioo vya tangi lenyewe. Unaondoa ile ya kona inayoshikilia kisanduku, basi; ukikata ile inayobeba kuta za tangi umejitafutia kazi nyingine kabisa. Ukishamaliza kukata utadhani kioo ni safi. Bado. Hubaki utando mwembamba usioonekana, na huo ndio huangusha kazi. Kuna njia rahisi ya kuupata: dondosha maji kidogo kwenye ule mstari. Kwenye kioo kitupu tone linatandaa. Penye utando, tone linajikunja kuwa duara na kukaa hapo kama maji juu ya jani la yugwa. Rudi na wembe, kisha kitambaa chenye alkoholi ya isopropili, urudie mpaka matone yote yatandae. Usitumie spiriti ya kawaida ya duka la dawa, maana nyingine huwa na mafuta ya mbarika ndani, na mafuta ndiyo hasa unayoyakimbia.

Chagua silikoni tupu, ile inayonuka siki, isiyoandikwa kwamba inazuia ukungu. Ya bafuni iliyoandikwa hivyo ina dawa ya kuua kuvu, na samaki hawaivumilii. Ile nyekundu au nyeusi ya gasketi za gari haikutengenezwa kwa ajili ya viumbe. Na soma tarehe ya mwisho kabla ya kulipa. Tyubu iliyokaa rafuni kupita muda wake hubaki laini kama ubani wa kutafuna hata ukiisubiri mwezi.

Bandika tepu ya karatasi pande zote mbili za kona, milimita 6 hadi 8 kutoka kwenye kiungo. Kata mdomo wa tyubu kwa mshazari, sukuma mstari mmoja bila kusita, laza kwa kidole chenye glavu mara moja tu, na uvute tepu hapohapo. Ukingoja dakika kumi utavuta na ngozi ya silikoni iliyoanza kukaza. Kisha subiri. Silikoni ya aina hii hukauka kwa unyevu wa hewa, kutoka nje kwenda ndani, milimita 2 hadi 3 kwa siku kwenye chumba chenye joto la kawaida. Saa 72 ndizo za chini kwa mstari wa unene huo. Kati ya Juni na Agosti, Nairobi inapokuwa baridi na mawingu hayafunguki, ipe wiki nzima. Ukiinusa na bado inanuka siki, haijawa tayari, hata kama juu ni ngumu. Jaza robo ya tangi, kaa saa mbili, nusu, saa mbili tena, na ukishajaza acha usiku mmoja kabla samaki hawajarudi.

"Kisanduku cha pespeksi ni bora, hakivunjiki"

Hakivunjiki, ila kinabanduka. Silikoni hushika pespeksi, ile plastiki ngumu inayofanana na kioo, vibaya. Zaidi ya hapo, pespeksi hunywa maji kidogo kidogo, na ukuta wake ukiwa na maji mengi upande mmoja hujipinda. Kiungo kikizibwa upya mara mbili na kikaachia mara mbili, acha kukiziba. Nenda kwa fundi wa vioo akukatie vipande vya milimita 6, asage kingo, na kisanduku kijengwe kwa kioo juu ya kioo. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na sakafu ya mbao iliyovimba. Wanaobaki na pespeksi wakumbuke kwamba asetoni inaipasua nyufa ndogondogo, kwa hiyo isisogezwe karibu.

"Nati ikivuja, kaza zaidi"

Konekta ya tangi, ile inayopita kwenye tundu la kioo, haizuii maji kwa nati. Inazuia kwa gasketi ya mpira, na gasketi ina mahali pamoja tu: upande wa kichwa cha konekta, ndani kwenye maji. Nati inakaa nje, kwenye ukavu. Mafundi wa mabomba waliozoea matangi ya plastiki ya juu ya paa huweka mpira upande wa nati, kisha maji yanafuata nyuzi za konekta na kutoka taratibu. Hapo unaweza kukaza mpaka kesho.

Kaza kwa mkono mpaka pagome, ongeza robo mzunguko, nusu ikizidi sana. Mpira ukianza kuchungulia pembeni ya kichwa kama ulimi, umepita kiasi: umeubana mpaka umetoka mahali pake, na karibu utapasua kioo. Usipake silikoni kwenye gasketi. Inaulainisha mpira, ukikaza unateleza na kukaa upande. Kama gasketi safi iliyokaa vizuri bado inavuja, kosa liko kwenye tundu. Pitisha kidole kavu kuzunguka ukingo wake, polepole, ukitafuta vigae vilivyochomoka wakati wa kutoboa. Kigae kinachotokeza nje ya duara la gasketi hakina dawa ya kukaza. Tafuta konekta yenye kichwa kipana zaidi au badilisha kioo.

Kwa wanaotoboa upya: pima nyuzi za konekta kwa kaliper, kile kifaa cha kupimia unene, tundu lizidi milimita 1 hadi 2 tu. Kutoka ukingo wa kioo hadi ukingo wa tundu pabaki umbali usiopungua kipenyo cha tundu. Na uliza kwanza kama kioo ni kile kilichokazwa kwa moto. Hicho hakitoboki, kinalipuka vipande vidogo vidogo.

Jambo moja linalosahaulika: bomba. Mita moja ya bomba la inchi moja na nusu iliyojaa maji ina zaidi ya kilo moja ya maji peke yake. Likining'inia kwenye konekta bila kushikiliwa, linaivuta upande mmoja kila siku. Funga bomba kwenye kabati kwa vibano, weka kipande cha mpira unaopindika kati yake na konekta, na nusu ya "gasketi mbovu" zitapona.

"Sakafu ni kavu, kwa hiyo hakivuji"

Kiungo kati ya kisanduku na tangi kinaweza kuvuja miezi sita bila tone kuanguka chini, kwa sababu maji yanapita ndani kwa ndani kwenda kwenye sampu, lile tangi la chini ya kabati lenye pampu. Dalili iko juu: maji yameshuka chini ya meno ya kisanduku, yale ya ukingo wa juu maji yanapoingilia, ilhali bomba la kushuka linaendelea kunguruma, na utando wa mafuta umetanda juu ya maji maana hakuna kinachoukwangua.

Kisha stima inapotea. Chukua tangi la sentimita 120 kwa 50. Kila sentimita moja ya kina ni lita 6. Kama mdomo wa juu wa bomba la wima ndani ya kisanduku uko sentimita 5 chini ya meno, ufa utaongeza lita 30 kwenye sampu kabla ya kutulia. Kama hakuna bomba la wima, tundu liko sakafuni tu, tangi litaendelea kumwagika mpaka ufa wenyewe uwe juu ya maji. Hakuna sampu ya chini ya kabati inayobeba hayo. Basi kila kisanduku kiwe na bomba la wima, hata kisichovuja.

Lakini si kila mafuriko ya stima kupotea yametoka kwenye ufa. Mdomo wa bomba la kurudisha maji ukiwa sentimita 5 chini ya maji, pampu ikizima maji yanarudi kinyume kupitia hapohapo, lita 30 vilevile. Toboa tundu la milimita 4 kwenye bomba hilo, chini kidogo ya uso wa maji, hewa iingie na kukata mvuto. Lisugue kila unapobadilisha maji, maana mwani hupenda kuliziba. Vali ya kuzuia maji kurudi ni msaidizi tu. Konokono mmoja mdogo akikwama ndani haifungi.

Ili ujue ni ufa au la, zima pampu, weka alama ya tepu kwenye usawa wa maji, na uweke ndoo iliyojaa karibu na tangi, nayo uitie alama. Baada ya saa 12 linganisha. Ndoo inakuonyesha kilichokauka hewani. Tangi likishuka kuizidi, kuna ufa. Kuupata ulipo, toa maji ya ndani ya kisanduku sentimita 15 kwa hatua, ukishusha na ya tangi kwa kadiri hiyo baadaye, kausha kona kwa taulo na ubandike vipande vya tishu. Panapolowa kwanza ndipo. Usikikaushe kisanduku chote tangi likiwa limejaa, hasa cha pespeksi. Ukuta mrefu usio na maji upande wa pili unaweza kuachia wote.

Mengine kwa ufupi

"Itajiziba yenyewe kwa mwani." Huziba kweli, mpaka siku utakapoisugua.

"Gundi ya PVC inashika bomba lolote." PPR, yale ya kijani ya nyumba nyingi, haigandishwi kwa gundi yoyote ya duka la vifaa vya ujenzi, huunganishwa kwa moto.

"Konekta ya shaba nyeupe au njano hudumu zaidi." Shaba huingia kwenye maji, na kamba na konokono hufa kwa kiasi kidogo sana.

"Kisanduku cha kuning'inia ukingoni mwa tangi hakina tundu kwenye kioo, hakiwezi kumwaga." Kinategemea mvuto wa maji kwenye bomba lililopinda. Hewa ikijikusanya juu, mvuto unakatika na pampu inaendelea kupandisha. Chumba cha pampu kwenye sampu kiwe na maji yasiyozidi nafasi iliyobaki juu ya tangi: sentimita 3 kwenye tangi letu lile ni lita 18, basi pampu ikauke kabla haijapandisha zaidi ya hizo.

"Hakuna alama, kwa hiyo ni unyevu wa hewa tu." Maji ya kisima kirefu huacha doa jeupe mahali tone lilipokauka, kwa hiyo unaona njia yake yote. Maji ya mfereji ya Nairobi yatokayo bwawa la Ndakaini ni laini, yaani hayana chokaa nyingi, na yanaweza kuvuja wiki nyingi bila kuacha chochote. Laza ukurasa wa gazeti kavu chini ya konekta usiku, uzime feni, uutazame asubuhi: unyevu wa hewa unalowesha ukurasa mzima kidogo kidogo, tone linaacha duara lenye ukingo uliojikunja.